Kuku Aliyeachwa Nje ya Kiingereza

Watu wa mtaani walimwita Bwana Kiapo, na mwenyewe hakuchukia. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkalimani wa mahakama. Alisimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, mikono nyuma kama mtoto aliyeficha kitu, Kiswahili kikiingia kwa sikio na Kiingereza kikitoka kwa mdomo. Alipostaafu walimpa cheti na saa ya ukutani, na tabia za kazi akaondoka nazo zote. Siku moja muuza mkaa alimwuliza kama gunia la jana lilikuwa zuri. Akajibu, "Kuhusu gunia la jana, ndiyo. Kuhusu la juzi sijaulizwa." Watu walicheka wiki nzima.

Sasa, kazi ya ukalimani wa mahakama ina siri yake, kwa wasioijua. Shahidi wetu hanyooki. Ukimwuliza alimwona nani mlangoni, ataanza na mvua ya siku ile, apitie kwa shemeji yake aliyekuwa na homa, amtaje mbuzi, amlaumu mtu bila kumtaja jina, "yule mwenzetu anayejijua," ndipo afike mlangoni, kama atafika. Na hakimu anaandika kwa mkono, na mkono unachoka. Basi Bwana Kiapo alijifunza kupepeta. Mvua aliitupa, shemeji akamtupa, mbuzi naye kwaheri, na yule anayejijua akaulizwa jina. Hakimu akapewa punje tupu. Hakimu mmoja alimsifu kwamba ukalimani wake ni kama maji yaliyochemshwa yakachujwa. Sifa hiyo aliibeba mpaka uzeeni, wala hakuwahi kujiuliza maji ya namna hiyo yana ladha gani.

Mkewe alipofariki alihamia kwa dada yake mkubwa, nyumba ya vyumba vinne inayotazamana na karakana ya mafundi cherehani. Dada huyo alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene, kicheko chake na hasira zake vikikaa chumba kimoja. Zamani, katika zamu ambazo watoto walichelewa kuzaliwa, alikuwa akiandika nyuma ya daftari za wodi zilizokwisha matumizi, na humo ikatoka riwaya moja. Ilichapwa, ikasomwa, ikaisha madukani. Nakala iliyobaki nyumbani jalada lake lilikuwa limeungwa kwa plasta ya hospitali.

Riwaya yenyewe ni ya wanawake wawili, wake wa ndugu wawili, wanaokaa ua mmoja. Mmoja ni Mama wa Mbele, mwingine Mama wa Nyuma. Waligombana, wakanuniana miaka kumi na moja. Lakini ua ni mmoja, bomba moja, kamba ya kuanikia moja. Mtanunianaje bila kusemezana? Wakawa wanasema na kuku. Kuku kishingo, hana hata unyoya mmoja shingoni, anajipitia katikati ya ua na mambo yake.

"We kuku, mwambie mwenzio nguo zake zimekauka tangu asubuhi, na wengine nao wanavaa nguo."

Na yule wa pili, anachambua mboga, uso haunyanyuki: "Kuku, mwambie aliyekutuma kamba hii hakuinunua baba yake."

Hivyo hivyo, miaka kumi na moja. Kisha katika sura ya tatu kuku anakufa kwa uzee wake, na wanawake wale wanakaa kila mmoja mlangoni kwake, wanalia mpaka jua linazama, maana sasa hawana wa kupitia.

Mkunga alikuwa na binti mmoja, ameolewa nchi za mbali, ana watoto wawili. Watoto wale Kiswahili hawakijui. Kila Jumapili alasiri simu ikipigwa, mkubwa, msichana wa miaka kumi na saba, alisema, "Bibi, habari?" Bibi akasema, "Nzuri mwanangu, za huko?" "Nzuri." Basi. Maneno yalikuwa yamekwisha. Simu ikarudi kwa mama yao. Naye bibi, Kiingereza chake kilikuwa cha wodini: sukuma, pumua, usisukume. Huwezi kumwambia mjukuu hivyo kila Jumapili.

Macho yalipoanza kufunga, presha ya macho, dawa zimefika mwisho wake, akamwita mdogo wake.

"Hiki Kiingereza chako unakiwekea nini, harusi? Nigeuzie kitabu changu. Nataka wale watoto wakisome."

"Kitabu kizima, dada?"

"Nusu yake wataniona nusu."

Bwana Kiapo alikubali, lakini moyoni alisema, aa, dada anataka jina lake lionekane Ulaya kabla hajafumba macho. Hakuliona jambo baya. Akavika kamusi yake karatasi ya mfuko wa saruji, akaketi dirishani, akafanya kazi miezi saba. Binti alikuwa amepata huko aliko shirika dogo linalochapa vitabu vilivyotafsiriwa kutoka pande zote za dunia. Wakatuma kurasa thelathini za mwanzo, sura tatu, mpaka kifo cha kuku.

Jibu likaja kutoka kwa mhariri wao, mwanamke, barua ya heshima. Alisema Kiingereza ni safi, hakuna kosa hata la nukta. Ila alikuwa na maswali matatu. La kwanza, tunaambiwa wanawake hawa hawajasemezana miaka kumi na moja, mbona wanasemezana kila ukurasa? La pili, kwa nini watu wazima wawili wamlilie kuku siku nzima? La tatu, mbona kila mtu katika kitabu hiki anaongea kama anaogopa kufungwa? Kama mnaweza kuyatazama hayo, alisema, nirudishieni kabla mwezi haujaisha, niwapelekee wenzangu. Kama haiwezekani, asanteni, mama ameandika kitu ambacho nahisi ni kizuri ila sikioni.

Bwana Kiapo alisoma, akakunja. Akakunjua, akasoma tena. Siku nne alikaa na barua ile mfukoni, akisema kimoyomoyo kwamba watoto wa siku hizi wanapewa uhariri kabla meno hayajakomaa. Siku ya tano dada yake akasema, "Leta hiyo barua inayolia mfukoni kila ukikaa." Akasomewa.

"Sasa nisomee na hizo kurasa."

"Ni Kiingereza, dada."

"Kirudishe. Kazi yako si ndiyo hiyo?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Mahakamani, maelezo ya mtu husomwa tena mbele yake kabla hajatia sahihi. Kila mtu ana haki ya kusikia alivyoandikwa. Bwana Kiapo aliwasomea wezi, akawasomea wazushi, akawasomea na mabubu kwa vidole. Dada yake mwenyewe hakumsomea. Aliona mkalimani wa miaka thelathini na moja hahitaji kusahihishwa na mkunga. Akavaa miwani, akaanza.

"'Mama wa Nyuma alimwambia Mama wa Mbele kwamba nguo zake zimekauka, na akamtaka aziondoe.'"

"Alimwambia nani?"

"Mama wa Mbele."

"Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo. Yaani, ndiye aliyekusudiwa."

"Kuku yuko wapi?"

"Kuku yupo, dada. Anadonoa, ukurasa wa nne."

"Sijakuuliza anakula nini. Nimeuliza nani anaambiwa."

"Dada, maneno yalimlenga Mama wa Mbele, kila mtu anajua. Nikiandika wanasema na kuku, wasomaji watadhani ni wendawazimu. Nimeweka wazi tu."

"Umewapatanisha."

"Mimi?"

"Umewapatanisha! Mimi nimehangaika kurasa mia mbili kuwapatanisha hawa watu, wewe umewapatanisha kabla ya chai ya asubuhi! Haya, soma kuku anapokufa."

Akasoma. Kuku alikufa. Wanawake wawili walilia hadi jioni.

"Wanalia nini sasa?" dada akauliza. "Supu?"

Fundi mmoja wa ng'ambo ya barabara, dirisha likiwa wazi, aliacha cherehani akacheka. Bwana Kiapo akafunga dirisha.

Kesho yake asubuhi aliamka, akamkuta dada yake jikoni amekaa kwenye kigoda, birika mbele yake.

"Shikamoo dada."

Dada akalitazama birika. "Birika, kuna mtu amekuja. Mwambie sukari iko palepale ilipokuwa jana."

"Dada, unaongea na nani?"

"Birika, anauliza maswali. Mwambie kesi yake haijaitwa."

Alidhani utani wa saa moja. Mchana birika likaambiwa kwamba kuna wanaume wanaacha taulo kitandani kama wako hotelini. Jioni likaambiwa kwamba watu wengine wakikohoa usiku wafunge mlango. Bwana Kiapo kwanza alikasirika, kisha akaona aibu, kisha, jambo la ajabu, akajikuta anasikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza. Maana neno unaloambiwa usoni unaweza kulirudisha hapohapo, likaisha. Lakini linalopitia kwa birika linazunguka, linakufikia ubavuni, na huna pa kulishika. Tena linakupa nafasi: ukitaka umesikia, ukitaka hukusikia, na kesho mnaweza kuketi meza moja bila mtu kuwa amemtukana mtu. Alijiuliza: mambo haya si niliyajua tangu utotoni? Mama yetu si alikuwa akimsema jirani kupitia mlango? Mahakama ilikuwa imemwosha mpaka ikamtoa rangi.

Siku ya tatu alikuwa mlangoni pa jikoni, kikombe mkononi, dada hakumwona au alijifanya hamwoni. Alikuwa akifuta birika kwa kitambaa, taratibu, kama anavyofutwa mtoto.

"Birika, wewe tumeishi pamoja siku nyingi. Kuna mtu humu ndani anadhani mimi nataka jina Ulaya. Jina litanifaa nini, nilivae? Mwambie nina wajukuu wawili wananijua kama picha ya ukutani. Wanaisalimia, wanapita. Nimepokea watoto wa watu sijui wangapi, wote nimeongea nao hata kabla hawajafumbua macho. Hawa wangu nitakufa sijawaambia kitu. Mle kitabuni ndimo nilimo. Sasa yeye amenitoa mle, amemweka karani."

Bwana Kiapo alisimama pale mpaka kikombe kikapoa. Alijua kwamba maneno yale dada asingeyasema kwake uso kwa uso hata kwa kushikiwa panga. Uso kwa uso yangekuwa kuomba, na mkunga yule haombi mtu.

"Birika," akasema mwishowe, "mwambie dada yangu amesikika."

Dada hakugeuka. Ila mabega yalitikisika, na si kwa kulia. "Birika, mwambie mgeni akae, chai ipo."

Zilibaki siku kumi na moja mwezi uishe. Wakaanza upya, kila siku baada ya chai ya asubuhi mpaka mafundi wa ng'ambo wanapofunga kazi. Yeye anaandika, anasoma, anarudisha kwa Kiswahili, dada amefumba macho anasikiliza.

Kumrudisha kuku kulikuwa rahisi, kwa kuku mwenyewe. Kazi ilikuwa kwa "mwenzio." Kiingereza kina neno la rafiki, kina la adui, kina la jirani. La mtu ambaye ni wako, humtaki, na huna pa kumpeleka, Bwana Kiapo alilitafuta siku mbili na kamusi ikaanza kupasuka mgongo. Mwisho aliandika tu "yule mwingine," akiwa na aibu kidogo, na aliposoma kwa sauti akaona kwamba likiambiwa kuku linauma vya kutosha. Kisha akataka kuongeza maelezo chini ya ukurasa, aya nzima, kuhusu desturi ya watu kunena kwa kupitia.

"Hiyo ni nini?" dada akauliza.

"Ni maelezo tu, wasipotee."

"Toa."

"Hawataelewa, dada."

"Mzaha ukishaelezwa umeshafukiwa. Shuleni wewe hukusoma vitabu vyao? Watu wanaota moto ndani ya nyumba, nje theluji. Theluji uliijua? Hata mwalimu hakuijua, alituambia ni kama chumvi. Lakini mtu alipofiwa mle kitabuni si ulilia mpaka ukapigwa?"

"Nililia kidogo."

"Basi na wao waache wahangaike kidogo na kuku wetu. Hawatakufa."

Akatoa.

Swali la tatu la mhariri ndilo lililomtesa zaidi, kwa sababu lilikuwa lake mwenyewe, si la kitabu. Alipitia kila ukurasa akaona jinsi alivyowapepeta watu wa dada yake. Baba mwenye nyumba, ambaye katika Kiswahili huchukua nusu ukurasa kuuliza hali ya kila mtu hadi ya baiskeli kabla ya kudai kodi, kwa Kiingereza alikuwa anafika na kudai kodi kama polisi. Akamrudishia salamu zake, moja moja, na baiskeli yake. Kila alipoandika jambo ambalo halikuulizwa alisikia kalamu ya hakimu ikigonga meza. Mkono ulikuwa ukisimama wenyewe.

"Endelea," dada alisema, bila hata kumwona. "Hakimu ameenda kula."

Na mengine hayakupita. Tusiseme uongo. Mwishoni mwa sura ya tatu, kuku amefukiwa, jua linazama, Mama wa Nyuma anasema neno moja tu, la kwanza katika miaka kumi na moja, na anamwambia mwenzake mwenyewe, si kuku: "Pole." Bwana Kiapo alijaribu. Kiingereza kilimpa neno la kuomba radhi, lakini hapo hakuna aliyeomba radhi. Kikampa neno la kuhurumia, likasikika kama mtu anamtupia mwenzake sarafu.

"Nani alikosa pale?" akamwuliza mwandishi.

"Hakuna."

"Basi anampa pole ya nini?"

"Kwani pole inangoja kosa? Mtu amebeba mzigo, unamwona."

Akaliacha lilivyo, kwa Kiswahili, peke yake kwenye mstari, bila maelezo. Hakulala vizuri kwa ajili yake. Alihisi ameacha kazi mlangoni. Lakini dada alisema mgeni mmoja katika karamu hatawatapisha wenyeji, na siku ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, kurasa zikaenda. Nakala moja kwa mhariri, nyingine kwa binti, ili aichape kwa karatasi na kumwachia msichana mezani bila kumwambia asome. Hilo la kutomwambia lilikuwa shauri la mkunga. Alisema mtoto wa umri ule, ukimwambia soma, umemfundisha kukimbia.

Wiki tatu zikapita. Mhariri akaandika, mistari michache. Alisema sasa ameona. Alisema amewasomea wenzake kwa sauti habari za kamba ya nguo na mmoja wao alilazimika kutoka nje kwa kucheka. Hawakuahidi kuchapa, wanataka kuona kitabu chote kwanza, wapewe kabla mwaka haujaisha. Na lile neno moja lisiguswe.

"Kurasa mia moja na sabini zimebaki," Bwana Kiapo akasema, akijifanya analalamika.

"Na mimi nimebakiwa na sikio moja zuri," dada akajibu. "Tuharakishe."

Lakini hakuwa na furaha kamili, maana Jumapili tatu zile msichana hakusema kitu. "Bibi, habari?" "Nzuri mwanangu, za huko?" "Nzuri." Kama kawaida. Karatasi ziko mezani, binti alisema, hajui kama zimeguswa.

Jumapili ya nne simu ililia mapema, kabla hata sahani hazijaoshwa. Bwana Kiapo akaiweka kwenye kigoda, sauti juu. Hakukuwa na "Bibi, habari." Msichana alianza na Kiingereza cha mbio, akimwita babu, na babu akalazimika kumwambia aende taratibu.

"Anasemaje?" dada aliuliza. "Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Anauliza... Anauliza kama wale wanawake uliwajua. Anasema amesoma mara mbili. Anasema kuku alimliza kwenye basi, watu wakamtazama."

Mkunga alinyoosha mkono akapapasa mpaka akaifikia simu, akaweka kiganja juu yake kama anayepima homa.

"Mwambie niliwajua. Mwambie wapo kila ua."

Akaambiwa. Msichana akauliza jingine, na hapo Bwana Kiapo akakohoa.

"Nini?"

"Anauliza kama wewe mwenyewe uliwahi kumnunia mtu hivyo."

Dada yake alicheka mpaka akashika kifua. "Mwambie ndiyo! Mwambie juzi tu, siku tatu nzima. Mwambie nilimnunia mkalimani huyuhuyu anayesema naye, kwa sababu alichukua kitabu changu akakifanya mashtaka. Usiruke kitu, nakusikiliza."

Katika miaka yake yote ya kazi Bwana Kiapo hakuwahi kutafsiri ushahidi dhidi ya nafsi yake. Angeweza kufupisha, nani angejua? Akavua miwani. Akamweleza mtoto yule yote, mashtaka na taulo ya kitandani na kikohozi cha usiku, na dada yake alipojikatiza akarudi nyuma kusahihisha, naye akajikatiza akarudi nyuma kusahihisha vilevile, kwa Kiingereza ambacho hakimu yeyote angekitupa nje. Ng'ambo ya dunia msichana alikuwa anacheka, anauliza, hangoji jibu liishe, na bibi naye hangoji swali liishe, na mzee akawa katikati jasho linamtoka, hajui amtumikie nani kwanza.

"Muulize," dada alisema, "yeye ananuniana na nani huko kwao? Aseme ukweli."

Akauliza. Msichana akaanza kusimulia habari ndefu ya rafiki yake wa shule, na nyuma yake ikasikika sauti nyingine, nyembamba, ya mdogo wake, ikigombania simu na kutaka kujua zamu yake ni saa ngapi.